Matundu ya Sketi ya Kijivu

Mimi shule nazijua kwa makalio ya sketi. Wengine wanazijua kwa matokeo yaliyobandikwa getini, wengine kwa basi, wengine kwa jina la mheshimiwa aliyesomea hapo. Mimi nimekaa na cherehani yangu kwenye baraza moja hapa Isiolo mjini miaka kumi na moja sasa, nashona na kurekebisha nguo za shule, na nilikuwa nikisema kwamba mtu anaweza kudanganya lakini nguo haidanganyi. Nilikuwa nawaambia hata watu ambao hawajaniuliza.

Shule sitazitaja kwa jina. Nitazitaja kwa rangi, kwa sababu mezani kwangu huwa zinakuja hivyo, zimekunjwa ndani ya karatasi ya nailoni, bila jina.

Kijani ni shule ya mbali, ya huko kaskazini. Sketi zao zinaisha nyuma, duara mbili kama sahani, kabla mwaka haujafika katikati. Hapo madawati yameisha na watoto wanakalia mawe ya kujengea. Bluu ni ile kubwa, wanayoing'ang'ania watu wa afisi na wenye maduka waliotoka huko juu milimani. Sketi ya bluu naletewa tu niteremshe pindo, mtoto amerefuka. Ikichanika hawaileti, wananunua nyingine. Maruni ni ya hapa mjini, shule ya kutwa, na ndiyo niliyosoma mimi. Nguo zao zinachanika mfukoni na kwapani kama za watoto wote. Halafu kuna kijivu, nje ya mji, karibu saa moja na pikapu kama mvua haijanyesha.

Kijivu ilikuwa na matundu mbele, juu ya goti na kwenye paja. Matundu madogo, mengine kama punje ya mtama, mengine kama kifungo cha shati. Na hayakuwa yamechanika. Yalikuwa yameliwa. Ukingo mgumu, wa kahawia, na ukivuta kidogo nyuzi zinakatika kama za nguo ya marehemu. Nililijua tundu hilo mara moja, kwa sababu hata mimi niliwahi kuwa nalo.

Nilipokuwa maruni hatukuwa na maabara. Tulikuwa na mwalimu wa kemia, mwanamke mfupi kutoka upande wa Meru, aliyekuwa ameajiriwa juzi tu, na alikuwa anatuchorea bureti ubaoni. Alichora kioo chake kirefu, akachora kibomba chini, akachora tone la asidi linaning'inia. Sisi tunanakili. Mchoro wangu ulikuwa mzuri kuliko wa darasa zima, nilikuwa nimeupaka hata kivuli. Siku ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne vifaa vikaazimwa mahali, nikapewa bureti yenyewe mkononi kwa mara ya kwanza maishani. Sikujua kibomba kinafunguliwa upande gani. Nikazungusha, asidi yote ikanimwagikia. Nilikuwa na mimba ya miezi minne ambayo hakuna mtu alikuwa anaijua, na kabla sijafikiria alama nilifikiria tumbo. Nikasimama pale nimeshika sketi mbali na ngozi yangu huku wenzangu wakihesabu matone.

Nilipata D ya kemia. Nilitaka kuwa nesi. Sketi ile nilipoifua mara ya pili ikatoa matundu saba mbele, na mama yangu akanishonea viraka nikaivaa nyumbani mpaka tumbo likakataa. Mtoto aliyekuwa humo ndani ndiye naandika habari zake.

Kwa hivyo nilipoona sketi za kijivu zimeliwa na asidi, niliwaza hivi: hii ni shule ambayo watoto wanashika asidi. Wanaishika mara nyingi, maana matundu ni mengi na si ya siku moja. Huko kuna maabara, tena inatumika. Nikamwonyesha mwenzangu wa baraza.

Mwenzangu huyo ni mama Mborana, mkubwa kwangu kwa miaka ishirini, anashona madera na kofia za sala, na mimi namwita Mama kwa sababu ya umri na kwa sababu amenistahi. Akaivaa miwani yake, akaigeuza sketi, akairudisha.

"Hii ni nguo imeungua," akasema.

"Ni asidi, Mama. Ni kemia."

"Umemuuliza mwenyewe?"

Nikamwangalia kama mtu asiyejua kazi. Fundi haulizi nguo imechanika vipi. Yeye ndiye aliyenifundisha nilipokuja hapo bado sijui kuingiza uzi. Ukimuuliza mwanamke gauni limechanwa na nani, hatarudi. Ukimuuliza mzee kwa nini suruali ina damu, utaitwa shahidi. Unapokea, unaangalia, unasema siku ya kuja kuchukua. Sheria hiyo ndiyo imetulisha sisi wawili miaka yote hiyo, na ndiyo iliyonimaliza.

Binti yangu alikuwa Gredi ya Tisa. Kwa wasiojua, siku hizi mtoto akimaliza hapo anachagua shule za sekondari ya juu na anachagua mkondo, sayansi au masomo ya jamii au sanaa na michezo, na akishaingia mkondo huo ndio huo. Shule nazo si zote zinakubaliwa mkondo wa sayansi. Muhula mzima wazazi wa Isiolo hawakuwa na hadithi nyingine. Ukienda kanisani, ni kulinganisha shule. Ukipanga foleni ya maji, ni kulinganisha shule. Kila mtu ana binamu mwalimu mahali. Huyu anasema ile ina maji, yule anasema ile maharagwe yana wadudu, mwingine anasema walimu wa ile wanaishi Meru na Ijumaa saa nne hakuna mtu. Wenye nguvu wakasema heri kuvuka milima, watoto wetu wasome Meru na Nyeri, na wakavuka. Tuliobaki tukabaki kubishana juu ya hizi za hapa, kama watu wanaochagua nyanya mwisho wa soko.

Mimi sikubishana. Nilikuwa na ushahidi mezani.

Binti yangu akaja na karatasi ya kuchagua, akakaa nayo pembeni ya kitanda changu.

"Mama, mwalimu anasema wanaotaka sayansi waweke maruni ya kwanza. Wamejengewa maabara."

"Nani amemwambia?"

"Ameenda. Na dada ya rafiki yangu anasoma huko, anasema maji yanatoka kwenye mifereji na wanavaa makoti."

"Mimi nimesoma huko miaka minne. Usinifundishe maruni."

"Ulisoma zamani, Mama."

"Zamani ya nani? Mimi ni mzee?"

Akacheka. Tuna miaka kumi na tisa tu katikati yetu, watu hufikiri ni mdogo wangu, na akitaka kunilainisha huniita mathe kwa sauti ya vijana wa stendi. "Mathe, basi twende tu tuangalie. Ni mwendo wa dakika ishirini. Tukiona hakuna kitu, tunarudi."

"Siendi kuangalia kitu ninachokijua."

"Na hiyo kijivu umeenda?"

"Hiyo imekuja yenyewe. Iko pale kwenye meza, nenda uone matundu."

Aliyaona. Aliingiza kidole kimoja kwenye tundu moja akalitazama, akasema, "Sawa, Mama." Nilikuwa nimezoea kwamba akisema sawa ni sawa.

Mama wa baraza naye alijaribu, kwa njia yake. "Intala," aliniambia, ambavyo huniita akitaka nijue bado mimi ni msichana, "mtoto wa kike mpeleke shule ambayo jioni unamwona. Mimi wangu niliwapeleka mbali, Korbesa, kwa ndugu yangu, nikasema huko wako kwa watu wetu. Nilikuwa nalala jicho moja."

"Sayansi haiangalii karibu na mbali, Mama."

"Haya. Lakini sketi ya mwenye bidii na sketi ya mwenye taabu zote zinatoboka."

Nilicheka. Nikaona ni maneno ya mtu ambaye hakukaa darasani.

Majibu yakaja kwa simu. Kijivu, mkondo wa sayansi. Nilipiga kigelegele pale barazani mpaka mwenye duka la jirani akatoka kuuliza ni nani ameolewa. Sare niliishona mwenyewe, kitambaa kizito, mshono mara mbili kiunoni, pindo refu la kuteremsha akikua. Orodha ya shule ilitaka dumu la maji, beseni, fyekeo, ndoo yenye kifuniko, blanketi. Niliisoma mbele na nyuma nikitafuta koti la maabara.

"Haliko," Mama wa baraza akasema.

"Wamesahau kuandika."

Nikalishona hata hivyo. Jeupe, mikono mirefu, mifuko miwili, na ndani ya kola nikadarizi herufi za jina lake kwa uzi mwekundu. Sijawahi kushona kitu kwa moyo mzuri namna hiyo, na nikikumbuka sasa napata joto masikioni.

Alirudi katikati ya muhula kwa ruhusa ya siku chache, juu ya pikapu ya vitunguu iliyotoka Rapsu, nywele na begi vyote vinanuka shamba. Alikuwa amekonda. Nikampa chai, nikamfungulia begi nifue, na sketi ikatoka ya kwanza.

Matundu. Manne makubwa kwenye paja la kulia na madogo yametawanyika mpaka gotini.

Nikafurahi. Niandike ukweli, nilifurahi. Niliinua sketi ile dirishani mwanga ukapita kwenye matundu, nikamgeukia nikicheka.

"Ni asidi ya chumvi au ile kali? Ulimwaga siku ya kwanza kama mimi?"

Alikuwa anapuliza chai. "Ni ya betri, Mama."

"Betri gani?"

"Za lori. Zile za taa."

Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Shule ina paneli za jua, lakini kile kifaa cha kuchajia kilikufa zamani kabla yeye hajaenda, kwa hivyo taa za masomo ya jioni zinawashwa na betri kuukuu za malori. Zikiisha, wasichana wanazibeba mpaka kwa kinu cha posho ambako kuna stima. Wawili wawili, betri katikati, imefungwa kamba kwenye mti wa kubebea. Vifuniko vingine havipo, wameziba kwa karatasi ya nailoni. Ukijikwaa, maji ya betri yanaruka mapajani.

"Lini?"

"Jumanne na Ijumaa mchana."

"Mchana hamko darasani?"

"Kwenye ratiba ni kemia ya vitendo. Ndiyo saa hatuna kitu."

Nilikuwa bado nimeishika sketi dirishani. Nikaishusha.

"Na maabara?"

"Tunalala huko."

"Koti je?"

"Mpishi aliliomba. Yeye hana kitu cha kuvaa akigeuza ugali, na mimi sikuwa na mahali pa kulivaa." Akainua gauni akanionyesha paja. Kulikuwa na alama mbili za waridi, ngozi mpya, ndogo. "Haziumi tena," akasema.

Siku iliyofuata sikufungua cherehani. Nilipanda pikapu ya kwanza, na nilikuwa na hasira ambayo dereva aliigundua akazima redio.

Mwalimu mkuu wa kijivu ni mwanamume mpole aliyevaa sweta ya mikono mirefu kwenye lile joto letu.

"Karibu, Mama. Habari ya huko mjini? Keti."

"Sikuja kuketi. Nataka kuona maabara."

Alidhani nitapiga kelele kwanza, nadhani, na kwa vile sikupiga alitoa ufunguo kwenye droo. Mlango una kibao, herufi nzuri, MAABARA. Ndani kuna vitanda vya ghorofa vimebanana mpaka huwezi kupita bila kwenda kiupande. Juu ya zile meza ndefu za saruji, ambazo mtu alizijenga akiwa na nia njema, kuna magunia ya mahindi ya msaada. Sinki zimejaa viatu. Kila sinki na viatu vyake, vimepangwa vizuri, jozi kwa jozi, kama vinasubiri kuoshwa.

"Hii ilikuwa shule ya kutwa," akasema nyuma yangu. "Wasichana walikuwa wanatembea mbali. Mwaka ule wa uvamizi wa wezi wa mifugo, wazazi wakaja hapa getini na magodoro. Hawakuniuliza, walikuja na magodoro tayari. Wewe ungewalaza wapi?"

"Hiyo sibishi. Nauliza mlipewaje mkondo wa sayansi."

"Siku ya ukaguzi vifaa vilikuwepo."

"Vya nani?"

Akaangalia nje. "Vilikuwepo, Mama."

Nilielewa. Ni vile vile vilivyoazimwa nikiwa kidato cha nne, au watoto wao. Vinapanda pikapu, vinashuka, vinapangwa mezani, vinahesabiwa, vinapanda pikapu tena vinaenda kuhesabiwa kwingine. Vitanda siku hiyo vililala nje, juani, nyuma ya jiko.

"Sasa mnafundishia wapi?"

"Ubaoni. Mwalimu wetu anachora vizuri."

Hapo ndipo nilipopaza sauti. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika, mengine hakustahili. Nikamuuliza nani alisema mtoto wangu ni punda wa betri. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono imefungwa mbele kama yuko matangani.

"Nikizuia betri, hakuna taa," akasema. "Hakuna taa, hakuna masomo ya jioni. Na matokeo yakija utapanda pikapu hii hii kuja kuniuliza alama. Nimeandika barua, Mama. Nikuonyeshe faili?"

"Faili inawasha taa?"

"Haiwashi," akasema.

Nikitoka nilipita jikoni. Mpishi, mwanamke mnene mwenye kilemba, alikuwa amevaa koti langu. Lilikuwa safi, amelifua, herufi nyekundu za binti yangu zinachungulia kolani. Akanisalimia vizuri. Nikaitikia, nikapita.

Kesho yake nikaenda maruni. Dakika ishirini kwa miguu, kama nilivyoambiwa. Getini nikamtaja naibu wa mwalimu mkuu, nikapelekwa, na aliyeinua kichwa kutoka kwenye rundo la vitabu alikuwa yule mwanamke mfupi wa kemia, nywele sasa zimechanganyika mvi. Alinitazama muda kidogo.

"Wewe ndiye ulimwaga bureti," akasema.

Nikataka ardhi inimeze. Miaka kumi na tano na zaidi, na ndilo jina langu kwake.

"Keti, keti. Siku hiyo nilienda nyumbani nikalia," akasema. "Si kwa sababu yako. Nilisema sitamchorea mtoto mwingine kitu kile. Nimesumbua watu kwenye afisi zao mpaka wakiniona wanatokea mlango wa nyuma. Njoo uone."

Maabara yao si kubwa. Lakini wasichana walikuwa wamesimama mezani wawili wawili, makoti yamechakaa, mengine yamekatwa kutoka kwa shati za baba zao, na mfereji mmoja ulikuwa unadondoka tu tone tone na hakuna aliyeushangaa. Tulisimama mlangoni. Mmoja alikuwa anadondosha asidi kutoka kwenye bureti kwa mkono wa kushoto huku akizungusha chupa kwa wa kulia, anaongea na mwenzake habari nyingine kabisa, na mkono unajua kazi yake wenyewe.

"Nataka kumhamisha binti yangu," nikasema.

"Anasoma nini?"

"Sayansi."

Alihesabu meza kwa macho, nikajua. "Sayansi imejaa. Nina nafasi mbili za masomo ya jamii."

"Mmoja tu, mwalimu. Atasimama. Hatataka kiti."

"Nikiongeza mmoja anayesimama, kuna mama mwingine hapo getini na wake, na mwingine nyuma yake. Wote wanaweza kusimama." Halafu akauliza bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka tu kujua: "Mbona hakutuchagua? Hapa si karibu na kwenu?"

Ningemwambia nini? Kwamba nilisoma habari kwenye makalio na mapaja ya watoto wa watu? Nikasema hatukujua.

Darasa lilipotoka aliniuliza kama nataka kuishika bureti. Nadhani aliona macho yangu. Nikaingia. Akanionyesha, mkono wa kushoto unazunguka kutoka nyuma, kidole gumba mbele, kibomba kinafunguka polepole, tone, tone, na maji kwenye chupa yanakaa ya manjano, ya manjano, halafu kwa tone moja yanageuka waridi hafifu na unafunga. Nilimwaga mara mbili. Mara ya tatu nikaipata. Nilikuwa peke yangu na mwalimu wangu, mtu mzima mwenye vumbi la barabarani miguuni, na nikaipata.

Nyumbani nikamweleza binti yangu yote mawili, hapa na kule, bila kuficha. Alikuwa anakunja nguo zake.

"Kwa hivyo nikienda maruni nitasoma historia nikiangalia maabara kwa dirisha," akasema. "Nikirudi kijivu nitasoma kemia nikiangalia ubao."

"Ndivyo ilivyo."

"Nitarudi kijivu."

"Fikiria kwanza. Wewe ungependa nini?"

Hakuinua sauti. Akaendelea kukunja. "Ningependa ungekubali twende tuangalie, Mama."

Nimepigwa maishani mwangu, na mwanamume nitakayemwacha bila jina kama wengine humu, na hakuna aliyewahi kunipiga hivyo.

Watu wananiambia nisamehe. Nimsamehe nani? Aliyehesabu vifaa bila kuuliza vinalala wapi alikosa. Aliyevipakia kwenye pikapu alikosa. Lakini aliyekuwa na dakika ishirini za kutembea na akakataa kutembea ni mimi. Nilikuwa na kinyongo na shule yangu ya zamani, nikamlipisha mtoto. Na mwenye ile sketi ya kwanza, yule msichana aliyeniletea, alisimama mbele yangu wakati napima kiraka. Miguu yake ilikuwa pale pale. Ningeuliza neno moja tu. Angeinua sketi kidogo angenionyesha paja.

Siku ya kurudi nilikuwa nimeshona aproni sita za turubai, nzito, ndefu mpaka chini ya goti, zimefungwa nyuma na mkanda. Mama wa baraza alinisaidia kukata. Sindano zilivunjika mbili. Hakusema, "Nilikuambia." Alisema tu, "Ongeza moja ya mpishi, atarudisha koti," tukaongeza.

Pikapu ilikuwa bado inapakia upande wa pili wa barabara. Binti yangu akakaa kwenye kiti changu cha kushonea, begi magotini.

"Mwalimu ametuchorea bureti," akasema. "Sielewi inashikwa vipi. Kwenye mchoro hakuna mkono."

Nikachukua chupa ya mafuta ya cherehani, ile ndogo yenye mdomo mrefu. Nikaiinamisha juu ya kifuniko cha chupa ya chai. Nikashika mkono wake wa kushoto nikauzungusha kutoka nyuma, gumba mbele.

"Usikamue. Acha lije lenyewe. Mkono wa kulia unazungusha chupa, huachi kuzungusha. Ukikaribia mwisho ni tone moja, unangoja. Tone moja, unangoja. Ukizidisha moja tu, rangi inakolea, unamwaga unaanza upya."

"Umejua wapi?"

"Juzi."

Aliangalia uso wangu kidogo, halafu akarudi kwenye chupa. Tone likaning'inia mdomoni, likavimba, likakaa. Ana mkono mzuri kuliko wangu, mkono wa kazi hiyo kabisa. Aliyaangusha moja moja, midomo inahesabu, mpaka upande wa pili wa barabara wakapiga honi.

Akafuta vidole kwenye kitambaa changu cha mabaki. Akabeba begi, na mimi nikabeba rundo la aproni mpaka kwenye pikapu, nikamwekea juu ya mapaja.